Jinsi ya Kupinga Taarifa ya Polisi Yenye Makosa Baada ya Ajali Ndogo ya Gari Dar es Salaam

Mtu aliyechomekewa na gari jingine karibu na makutano ya Mwenge, akabonyezwa mlango bila mtu yeyote kuumia, kisha akaja kusoma kwenye taarifa ya polisi kwamba yeye ndiye aliyehama njia bila tahadhari, kwa kawaida hufanya jambo moja kati ya mawili: ama huenda kituoni kugombana na askari aliyeandika, ama hukata tamaa na kulipa. Njia zote mbili humwacha pale pale. Taarifa ya ajali ni sehemu ya jalada, na jalada hubadilishwa na karatasi inayoingia ndani yake. Kazi ya anayelalamika ni kuingiza karatasi sahihi, mapema, kwa afisa anayehusika, na kubaki na ushahidi kwamba imeingia.

Mwongozo huu unahusu ajali ndogo za magari hapa jijini, zile za kubonyea mlango, kuvunjika taa au kung'oka bampa. Ikiwa kuna mtu aliyeumia, hata kidogo, shauri hubadilika: majeruhi anahitaji fomu ya PF 3 kwa ajili ya matibabu, na ni vyema uwe na wakili tangu mwanzo.

Ijue karatasi unayoipinga

Watu husema "ripoti ya polisi" kana kwamba ni karatasi moja, na hapo ndipo malalamiko mengi yanapopotelea. Katika ajali ya kawaida kuna taarifa ya awali, ambayo ni fomu ya PF 115; kuna ramani ya ajali, yaani mchoro uliotokana na vipimo vya askari aliyepima ajali; kuna taarifa ya ukaguzi wa gari, PF 93, inayojazwa na mkaguzi wa magari wa polisi; kuna maelezo ya madereva na mashahidi; na mwishoni kuna PF 90, taarifa ya mwisho ya upelelezi, ambayo ndiyo kampuni ya bima huisubiri ili iamue kulipa au kutolipa.

Kila karatasi ina mwandishi wake na kosa lake. Namba ya gari iliyokosewa kwenye PF 115 hairekebishwi na mkaguzi wa magari, na breki zilizoandikwa kuwa mbovu kwenye PF 93 hazirekebishwi na askari aliyechora ramani. Kwa hiyo kabla hujaandika barua yoyote, omba kuona kila kilichoandikwa, uandike pembeni ni karatasi ipi ina kosa gani. Ukifika kituoni nenda na namba ya RB (namba ya kumbukumbu uliyopewa na polisi ajali iliporipotiwa), namba za magari yote mawili, tarehe, saa na mahali pa ajali, na useme kwa adabu na kwa ufupi: "Afande, naomba kuiona ramani ya ajali yangu, kwa sababu nina maelezo ya nyongeza." Ombi la namna hiyo ni gumu kukataliwa kuliko lile linaloanza na shutuma. Ukielezwa kwamba nakala hutolewa kwa maombi rasmi tu, andika barua siku hiyo hiyo, au uiombe kampuni yako ya bima iandike, kwa kuwa makampuni hayo huomba taarifa hizi kila siku.

Muda ndio mzigo mkubwa. Maadamu PF 90 haijatolewa, mpelelezi bado anakusanya mambo, na kumwongezea shahidi au picha ni kumsaidia kazi. Ikishatolewa na kusainiwa, unamwomba afisa aseme kwamba ofisi yake ilikosea, na hilo ni ombi zito zaidi. Anayesubiri mpaka bima ikatae ndipo aanze kuhangaika amejiongezea kazi mara dufu.

Kosa la kumbukumbu na kosa la uamuzi

Makosa ya kumbukumbu ni yale yanayothibitishwa kwa karatasi nyingine bila ubishi: jina la dereva, namba ya leseni, namba ya usajili, tarehe, jina la barabara, aina ya gari, namba ya stika ya bima. Haya peleka pamoja na nakala ya kadi ya gari, leseni na stika, na mara nyingi afisa mwenyewe atayasahihisha bila malumbano. Usiyadharau, maana herufi moja ikikosewa kwenye namba ya usajili inatosha kuisimamisha fidia.

Makosa ya uamuzi ni ya aina nyingine. Hapa askari ameandika nani alisababisha ajali, gari gani lilikuwa njia ipi, nani alikuwa na mwendo mkali. Askari huyo mara nyingi hakuwepo wakati magari yakigongana. Alifika baadaye, akakuta magari yamesogezwa ili foleni ipite, akamsikiliza aliyesema sana. Maoni yake yana uzito, lakini bado ni maoni, na hupingwa kwa vitu vinavyoonekana na kupimika. Kumwambia kwamba yeye ana upendeleo hakubadilishi mstari hata mmoja wa ramani. Kumwonyesha kwamba vipimo vyake havilingani na picha kunaweza kuubadilisha.

Ninashauri kwa dhati kwamba makosa ya aina hizi mbili yaandikiwe barua mbili tofauti. Ukiyachanganya, la namba ya gari litakwama likisubiri ubishi wa nani alimgonga nani.

Ushahidi unaosema wenyewe

Hapa ndipo shauri lote linaposhinda au kushindwa, na ndipo mtu anapopaswa kutumia nguvu zake nyingi.

Anza na alama kwenye gari. Bonyeo huonyesha mahali palipoguswa, na mkwaruzo huonyesha mwelekeo. Tuseme ulikuwa njia ya kushoto kwenye Barabara ya Sam Nujoma, na gari lililokuwa kulia kwako likakuchomekea ili liwahi kukata kona ya kushoto. Mkwaruzo unaoanzia mlango wa nyuma na kuishia mlango wa mbele unaonyesha kwamba gari lile lilikuwa likikupita kutoka nyuma. Ukianzia mbele kwenda nyuma, unaonyesha kwamba wewe ndiye uliyekuwa ukilipita. Rangi ya gari la pili iliyobaki kwenye mlango wako, na urefu wa alama kutoka chini, vipimwe kwa futi ya fundi na kupigwa picha futi ikiwa ndani ya picha. Bampa lako la mbele ambalo halina hata alama lipigwe picha pia, kwa kuwa sehemu ambayo haikuguswa ni ushahidi dhidi ya taarifa inayosema uligonga kwa mbele.

Kisha angalia barabara. Vipande vya taa, udongo uliodondoka chini ya mabawa ya magari, na alama za breki hueleza mahali pa mgongano. Vioo hurushwa mbele kufuata mwendo wa gari, kwa hiyo mahali vilipoangukia si lazima pawe pale pale magari yalipogusana. Hata hivyo, rundo la vioo lililoko njia ya kushoto, karibu na ukingo, ni gumu kulipatanisha na mchoro unaoweka mgongano kwenye njia ya kulia. Rudi eneo la tukio mapema, mchana, ukiwa na mtu mwingine, mpime umbali kutoka vitu visivyohama: nguzo ya taa, ukingo wa barabara, kivuko cha waenda kwa miguu, alama ya barabarani. Ramani ya ajali isiyo na kitu kimoja kisichohama cha kupimia ina udhaifu, na udhaifu huo utaje kwenye barua yako.

Kuhusu picha, tunza faili halisi kwenye simu iliyopiga. Picha iliyopitia WhatsApp hupunguzwa ubora na kupoteza taarifa za saa na mahali zilizobebwa na faili ya mwanzo. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, ushahidi wa kielektroniki unapokelewa mahakamani, lakini utaulizwa ulitoka wapi, ulitunzwaje na kama kuna aliyeugusa, na jibu jepesi ni simu ile ile yenye faili ile ile.

Kamera za vituo vya mafuta, benki na maduka makubwa zinazotazama barabara ni msaada mkubwa, ila mifumo mingi hufuta picha za zamani ili kupata nafasi. Nenda siku ile ile au kesho yake, uongee na msimamizi, umwombe azihifadhi hata kama hawezi kukupa nakala. Akisema anatoa kwa polisi tu, hilo si baya: andika jina la eneo, kamera inatazama upande gani na saa ya tukio, kisha mwombe mpelelezi kwa maandishi azifuate.

Mashahidi wa Dar es Salaam ni watu wa barabarani kweli: bodaboda wa kijiweni, mama lishe, muuza vocha, kondakta wa daladala iliyokuwa nyuma yenu. Wengi wameona vizuri na wengi wanaogopa kuitwa kituoni wapoteze siku ya kazi. Waeleze wazi kwamba unaomba waseme walichokiona tu, chukua jina na namba ya simu, na uulize walikuwa wamesimama wapi hasa. Usimfundishe shahidi maneno wala usimpe fedha ili aseme. Shahidi mmoja aliyepangwa huharibu wengine wote, na kutoa taarifa ya uongo kwa mtumishi wa umma ni kosa la jinai.

Kabla ya kupeleka gari gereji, hakikisha mkaguzi wa polisi na mkadiriaji wa bima wote wameliona. Ikiwa PF 93 imeandika kwamba breki au tairi zako zilikuwa mbovu, uliza kwa maandishi kama ubovu huo ulikuwepo kabla ya ajali au umesababishwa nayo, kwa sababu bima inaweza kukataa kulipa kwa msingi wa gari bovu. Tafuta fundi mwenye sifa asiye na uhusiano nawe, alikague kabla hajafungua kitu, na atoe taarifa yenye tarehe, saini na muhuri.

Maelezo yako kituoni

Watu wengi husaini maelezo waliyoandikiwa na askari bila kuyasoma, kwa haraka ya kutaka kuondoka. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, kifungu cha 10, inataka maelezo yanayoandikwa na mpelelezi yaonyeshwe au yasomwe kwa aliyeyatoa, naye ana uhuru wa kufafanua au kuongeza. Tumia haki hiyo bila kuona haya. Soma ukurasa kwa ukurasa, na pale neno lilipobadilisha maana omba lisahihishwe kabla ya kusaini. "Nilikuwa nahama njia" na "nilikuwa njia yangu nikaonyesha indiketa ya kushoto kabla ya kona" ni sentensi mbili zenye matokeo tofauti kabisa kwenye bima.

Kama ulishasaini yenye makosa, omba kuandika maelezo ya nyongeza. Usiseme kwamba maelezo ya kwanza yafutwe. Eleza tu lipi halikuandikwa kama ulivyosema, na lipi liliachwa. Mpelelezi akikataa kuyapokea, yaandike kwa njia ya hati ya kiapo mbele ya kamishna wa viapo, ambaye kwa kawaida ni wakili, na uiambatishe kwenye barua.

Barua ya pingamizi

Barua iende kwa Mkuu wa Usalama Barabarani wa Wilaya, ambaye wengi humwita DTO, wa eneo ajali ilikotokea, nakala kwa mkuu wa kituo na kwa kampuni yako ya bima. Iwe ya ukurasa mmoja, au miwili ikizidi sana. Kiini chake kinaweza kusomeka hivi:

"Napinga sehemu mbili za taarifa ya ajali iliyotajwa hapo juu. Kwanza, ramani inaonyesha kwamba mgongano ulitokea njia ya kulia. Picha Na. 2 na Na. 3, zilizopigwa kabla magari hayajasogezwa, zinaonyesha vipande vya taa ya mbele ya kushoto ya gari la pili vikiwa njia ya kushoto, karibu na ukingo, usawa wa nguzo ya taa. Pili, taarifa inasema gari langu liligonga kwa mbele. Bampa la mbele halina alama yoyote. Bonyeo liko mlango wa nyuma wa kulia, kama picha Na. 5 inavyoonyesha. Naomba eneo lipimwe upya madereva wote wawili wakiwepo, na shahidi aliyetajwa hapa chini achukuliwe maelezo kabla taarifa ya mwisho haijatolewa."

Angalia kwamba barua hiyo haimtukani mtu, haielezi jinsi ulivyoumia moyo, na inaomba mambo mawili yanayotekelezeka. Afisa anayeisoma anajua afanye nini kesho asubuhi. Barua inayoomba "haki itendeke" bila kusema kipi kirekebishwe huishia kwenye faili.

Peleka nakala mbili. Moja ibaki masijala, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe na urudi nayo nyumbani. Muhuri huo ndio utakaokutetea mbele ya Mkuu wa Usalama Barabarani wa Mkoa, yaani RTO, mbele ya bima na mbele ya hakimu, kwa hiyo usiondoke bila huo hata ukiambiwa "tutakupigia." Vielelezo viwe nakala, karatasi halisi usiziache.

Ikipita muda wa kutosha bila jibu, andika ukumbusho mfupi ukiutaja muhuri wa kwanza, kisha panda ngazi: RTO, halafu Kamanda wa Polisi wa Mkoa. Kipolisi Dar es Salaam imegawanywa katika mikoa ya Ilala, Kinondoni na Temeke, chini ya Kanda Maalum, kwa hiyo uliza kwanza mahali pa ajali pako chini ya mkoa upi, badala ya kudhani kwamba ni ule unaoishi. Uzembe wa kiutawala unaoendelea baada ya hapo unaweza kulalamikiwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora.

Ukiombwa "ya soda" ili ramani irekebishwe, usitoe. Chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 anayetoa na anayepokea wote wana kosa, na ramani iliyonunuliwa inaweza kununuliwa tena na upande wa pili. Malipo halali ya Serikali hulipwa kwa kontroli namba na yana stakabadhi. TAKUKURU wanapatikana kwa simu ya bure, namba 113.

Usilipe faini kabla hujafikiri

Mtego mkubwa kuliko yote katika ajali ndogo ni faini ya papo kwa papo ya shilingi 30,000. Dereva amechoka, jua ni kali, trafiki anamwambia lipa yaishe, naye anaona ni nafuu kuliko kupoteza siku. Lakini utaratibu huo chini ya Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, ni wa mtu anayekubali kosa. Ukishalipa kwa kuendesha bila uangalifu, kisha ukaandika barua kwamba hukuwa na kosa, swali la kwanza la bima litakuwa kwa nini ulilipa, na huna jibu zuri la kuwapa. Asiyekubali kosa ana haki ya kusema hivyo na shauri lipelekwe mahakamani. Linachosha, ninakubali, lakini kama kinachobishaniwa ni matengenezo ya milioni kadhaa, shilingi 30,000 za haraka ni ghali mno.

Vivyo hivyo kwa kumalizana barabarani. Ni jambo la kiungwana na linafaa pale ambapo kila mtu anakubali, ila liandikwe: nani analipa, kiasi gani, lini, namba za magari, saini za wote na shahidi mmoja. Kusema "pole, nimekosa" kwa ajili ya kutuliza hasira kunaweza kuingia kwenye maelezo ya dereva mwenzako kama kukiri.

Kampuni ya bima

Itaarifu bima yako ndani ya muda uliotajwa kwenye mkataba, hata kama taarifa ya polisi bado ina ubishi, na uambatishe nakala ya barua yenye muhuri. Mwenye bima kubwa, ile inayolinda hata gari lake mwenyewe, anaweza kudai kwa kampuni yake mwenyewe huku ubishi ukiendelea, na kampuni ikafuatilia fedha zake kwa aliyesababisha. Mwenye bima ndogo, ile inayolinda watu wengine tu, hulazimika kudai kwa bima ya dereva wa pili, na kwake PF 90 yenye makosa ni ukuta kamili. Huyu ndiye anayepaswa kuharakisha pingamizi kuliko wote. Stika ya gari la pili ihakikiwe kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, mapema, kabla hujatumia nguvu kudai kwa bima isiyokuwepo.

Kampuni ikikataa, iombe sababu kwa maandishi pamoja na kifungu cha mkataba ilichotumia. Mkadiriaji wake anaweza kuangalia alama kwenye gari na kufikia maoni tofauti na ya polisi, na ni halali kuomba afanye hivyo. Ukishamaliza ngazi za malalamiko ndani ya kampuni bila kuridhika, peleka shauri kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, TIO, ambaye ofisi yake iko hapa Dar es Salaam, au TIRA kwa yale yanayohusu mwenendo wa kampuni.

Ikifika mahakamani

Ukishtakiwa, usikiri kosa usilolikubali ili tu shauri liishe, kwa kuwa hukumu ya jinai inayokutia hatiani itatumika dhidi yako katika madai ya fidia. Ramani ya ajali italetwa na aliyeichora, naye ataulizwa maswali: alifika saa ngapi, magari yalikuwa yamesogezwa au la, alipima kutoka kitu gani, nani alimwonyesha mahali pa mgongano. Majibu ya maswali hayo manne ndiyo yanayoamua uzito wa mchoro wake, kwa hiyo yaandae pamoja na wakili, au na mtoa msaada wa kisheria aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 ikiwa huna uwezo wa kumlipa wakili.

Ukiamua wewe kumshtaki dereva wa pili kwa madai ya uharibifu, kumbuka kwamba madai ya namna hiyo yana ukomo wa miaka 3 tangu siku ya ajali, na barua za kukumbushana na polisi au bima hazisimamishi hesabu hiyo.